Saa 3:52 Usiku

Mwezi wa nane mwaka jana nilikuwa nyumbani Tabora, nikisubiri msimamizi wangu wa tasnifu arudishe sura ya pili. Rafiki wa kaka yangu, anayefanya kazi kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo pale mjini, akaniomba nikawatazamie kompyuta yao. Niliikuta sakafuni, chini ya meza ya mhasibu, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi. Hiyo ndiyo ilikuwa seva. Ilitumia Linux, na programu yao ya mikopo ilikuwa inaandika kumbukumbu zake humo humo. Shida yao ilikuwa moja: jambo likiharibika, hakuna aliyejua lilianzia wapi, na fundi waliyemtegemea alikuwa amehamia Mwanza.

Nikawaambia kompyuta yenyewe inajua. Nilisema kwa kujiamini, kwa sababu hilo ndilo ninalolisomea. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu namna ya kubuni kiolesura cha lugha ya skripti kwa ajili ya kusoma kumbukumbu za mfumo. Kila mfumo endeshi huandika yanayotokea ndani yake: nani ameingia, huduma gani imeanguka, diski gani inalalamika. Mafundi tunaziita logi. Kamusi ina neno ninalolipenda zaidi, batli, ambalo ni la mabaharia: daftari la chombo, humo nahodha huandika safari yake na yaliyompata njiani. Napenda kwamba neno la baharini linaweza kupata kazi Tabora, mamia ya kilomita kutoka pwani. Mambo mengi ya hapa yalifika hivyo, kwa miguu, kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea hadi Ujiji.

Tatizo la batli ya kompyuta ni wingi. Ile mashine chini ya meza ilikuwa na mistari zaidi ya laki nne kwa mwezi mmoja. Hakuna binadamu anayesoma mistari laki nne. Kwa hiyo kati ya mtu na batli lazima kiwepo kitu kinachomsomea na kumletea kile alichouliza. Kitu hicho ndicho nilichokuwa nabuni, na kwa miezi mingi niliamini kwamba maswali yake yote ni ya kiufundi.

Niyaeleze kidogo, kwa sababu bila hayo kosa langu halitaeleweka.

Zamani, na hata leo kwenye mashine nyingi, kumbukumbu hizi zilikuwa mistari ya maandishi matupu. Mfumo wa syslog, ambao Eric Allman aliutengeneza miaka ya 1980 pamoja na programu yake ya barua pepe ya Sendmail, ulienea duniani kwa mazoea kabla ya kuandikiwa kanuni. Hati iliyoeleza mazoea hayo, RFC 3164, ilitoka mwaka 2001. Muhuri wa wakati unaoelezwa humo una mwezi, siku na saa, lakini hauna mwaka wala ukanda wa saa. Ukikuta mstari wa Machi 4, ni juu yako kujua ni Machi ya lini, na saa hiyo ni ya wapi. Mwaka 2009 ikaja RFC 5424 na mambo hayo yakaongezwa.

Systemd, inayotumika kwenye Linux nyingi za leo, ikaenda mbali zaidi. Kumbukumbu zake inaziita shajara, na kila ingizo ni rekodi yenye sehemu nyingi zenye majina: ujumbe, daraja la uzito, namba ya mchakato, mtumiaji. Sehemu ambazo jina lake linaanza na kistari cha chini haziandikwi na programu inayotoa ujumbe. Mfumo wenyewe ndio unaoziandika, na programu haiwezi kuzigusa. Programu inaweza kudai chochote kuhusu nafsi yake. Kile kistari kinakwambia kwamba hapa mfumo umejionea.

Tena kila rekodi ina saa mbili. Ya kwanza ni saa ya kawaida, ile ya ukutani. Ya pili inahesabu muda tangu mashine ilipowashwa, na haiyumbi hata mtu akisogeza ile ya ukutani mbele au nyuma. Moduli ya Python inayosoma shajara hukupa saa hii ya pili ikiwa imefungwa pamoja na kitambulisho cha kuwashwa kwenyewe, kwa kuwa dakika kumi na moja tangu kuwashwa si kitu kama hujui ni kuwashwa kupi. Walioibuni walifikiri vizuri.

Mimi nilijenga juu ya moduli hiyo, nikitaka kitu ambacho mhasibu wa Tabora angeweza kukitumia bila kuniita. Nikampa vitendo viwili tu. matukio() humletea yaliyoharibika. walioingia() humletea walioingia kwenye mfumo, na saa walizoingia. Halafu nikaamua mambo manne.

La kwanza, madaraja ya uzito yako manane, kuanzia 0, ambapo mfumo hautumiki tena, hadi 7, ambayo ni maelezo ya watengenezaji. Nikaweka chaguo-msingi kwamba matukio() ionyeshe kuanzia 4 kwenda 0, yaani maonyo na yaliyo mazito kuliko maonyo. Mengine niliyaona ni kelele.

La pili, nikazipanga rekodi zote kwa saa ya ukutani, kwa kuwa ndiyo saa ya watu.

La tatu, nikaondoa sehemu zote zenye majina ya kutisha. Jedwali likabaki na safu tatu: wakati, nani, nini. Kitambulisho cha kuwashwa, chenye herufi na tarakimu 32, kilikuwa cha kwanza kuondoka.

La nne ndilo nililojivunia. Mashine ya kawaida inadai uandike 21:00, na ndani yake inatunza wakati wa dunia, ambapo saa hiyo hiyo kwetu ni 18:00. Nikaandika msimbo unaomruhusu mtu aandike "saa 3 usiku". Nikaufundisha hata "usiku wa kuamkia Jumatano", maana nyumbani hakuna anayesema usiku wa Jumanne akaeleweka mara moja. Nilipomwonyesha mhasibu, alicheka kwa furaha, akamwita karani wa mikopo aje aone kompyuta inayojua saa za Kiswahili. Karani akaja, akajaribu, akasema, "Haya, mdogo wangu, umetutoa ushamba."

Nitamwita hivyo hivyo, karani, au dada, kwa sababu jina lake halinihusu kulitoa.

Mwezi wa kumi nilikuwa nimerudi Dar es Salaam. Jioni moja nikapigiwa simu. Mkopo wa mwanachama mmoja ulikuwa umepungua kwenye mfumo kwa shilingi laki tatu na nusu, na bosi alitaka kujua nani aliingia. Nikamwelekeza aliyepiga cha kuandika. Jibu likaja mstari mmoja: karani, usiku wa kuamkia Jumatano, saa 3:52 usiku. Akaniuliza kama kuna hitilafu yoyote iliyoonekana. Nikamwambia aandike matukio() kwa usiku ule. Jibu: hakuna. Akashukuru, wakachapisha zile karatasi mbili. Mimi nikaendelea na chakula changu.

Nilirudi Tabora Desemba. Niliingia pale ofisini kuangalia diski, nikamkuta mtu mwingine kwenye kiti cha karani. Nikaambiwa mkataba wake haukuongezwa. Alikuwa amekiri kwamba alibadilisha ile hesabu, ila alisisitiza kwamba alifanya asubuhi, mwanachama mwenyewe akiwa amesimama dirishani na stakabadhi ya malipo yaliyosahaulika kuingizwa. Karatasi ilisema usiku. Na mtu anayedanganya saa, walijiuliza, atashindwaje kudanganya fedha?

Sikuwa natafuta kumtetea. Nilikuwa natafuta diski, na kwa ajili ya diski nililazimika kuiacha moduli yangu na kusoma shajara yenyewe, mbichi, kwa mpangilio ilivyoandikwa. Nikashuka hadi usiku ule. Rekodi za jioni zinakwenda hadi saa 3:41, halafu zinakatika ghafla. Zinazofuata ni za mashine inayowaka upya, na saa yake ya ukutani inasema saa 3:41 usiku. Dakika kumi na moja baada ya kuwaka, karani anaingia. Baadaye, katika daraja la 6, lile la taarifa za kawaida, kuna mstari mdogo unaosema saa imeoanishwa kwa mara ya kwanza na seva ya wakati. Baada ya mstari huo ni asubuhi, saa tatu na kitu.

Betri ndogo inayotunza saa ya mashine ilikuwa imekufa. Umeme ulipokatika, mashine ikalala. Uliporudi, haikuwa na njia ya kujua kwamba usiku umepita, ikaendelea kuhesabu kuanzia saa ya mwisho iliyoikumbuka, mpaka intaneti iliporudi ikaambiwa ukweli. Karani aliingia kati ya kuwaka na kuambiwa.

Nilikwenda getini kumwona mlinzi. Ana daftari kubwa la kaunta, limechanika jalada, anaandika magari, wageni na umeme. Aliniamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," akanifungulia ukurasa. Umeme ulikatika saa tatu na dakika arobaini usiku. Umerudi saa mbili na dakika tano asubuhi. Juu kidogo ya mstari huo wa pili kulikuwa na jina la karani, ameingia saa mbili kasoro. Ukijumlisha dakika kumi na moja, unapata saa mbili na dakika kumi na sita asubuhi, ofisi imefunguliwa, mwanachama yuko dirishani.

Hakuna rekodi iliyokosekana. Mashine ilikuwa imeandika kila kitu, pamoja na kukiri kwake kwamba saa yake ilikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyeondoa kitambulisho cha kuwashwa kwa sababu kiliharibu sura ya jedwali. Mimi ndiye niliyeuzuia mstari wa saa kwa sababu ulikuwa wa daraja la 6. Na nilipozipanga rekodi kwa saa ya ukutani, nikaushona usiku na asubuhi pamoja, na mshono haukuonekana.

Niliwaonyesha pale ofisini siku hiyo hiyo. Walisikiliza vizuri. Waliahidi kuandika barua ya kuondoa tuhuma, na waliiandika. Kuhusu nafasi walisema imeshajazwa, na huyo aliyepo naye hana kosa.

Kesho yake nilipanda bodaboda kwenda Kwihara, kilomita chache kusini mwa mji. Nilikuwa nimefika huko mara moja tu, na shule ya msingi, tukaimbishwa majina na tarehe. Ni tembe la udongo lenye ua na milango mizito, leo makumbusho. Humo ndimo Stanley na Livingstone walikaa mwaka 1872 baada ya kukutana Ujiji. Hata tarehe ya kukutana kwao haielewani. Stanley aliandika kwamba ilikuwa 10 Novemba 1871, na shajara ya Livingstone inaiweka mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua homa njiani na kupoteza hesabu ya siku. Mwongozaji alilitaja hilo kama kichekesho. Mimi sikucheka.

Kilichonipeleka kilikuwa kitu nilichokisoma Dar es Salaam wakati natafuta mfano wa kuanzia tasnifu. Mwaka 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, upande ambao leo ni Kongo. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Akawa anaandika shajara yake juu ya gazeti la zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa matunda ya huko. Tarehe 15 Julai mwaka huo wafanyabiashara wenye bunduki waliwafyatulia watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Aliliandika hilo akiwa palepale. Baadaye akanakili mambo yake kwa mkono msafi katika daftari kubwa, ambalo leo linaitwa Shajara ya Unyanyembe, kwa jina la hapa kwetu. Stanley alipoondoka Kwihara Machi 1872, alilibeba likiwa limefungwa kwa lakiri.

Kwa zaidi ya miaka mia moja dunia ilisoma nakala safi, kwa kuwa wino wa matunda ulififia hadi karatasi za gazeti zikawa hazisomeki. Baadaye kundi la watafiti lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilizipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuyafufua maandishi. Walipozilinganisha, wakakuta kwamba nakala safi haikuwa nakala tu. Baadhi ya mambo kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe, yaliyomo kwenye gazeti, hayakufika yote kwenye daftari.

Nilikuwa nimepanga kuutumia mfano huo kueleza tofauti ya data mbichi na data iliyochakatwa. Nikiwa nimekaa kwenye kibaraza cha lile tembe niliuona upande wake mwingine. Nadhani aliyenakili hakujiona mwongo. Alijiona anapanga. Ana kurasa zilizochafuka, ana msomaji mbali asiye na muda, ana mawazo yake ya nini ni uzito na nini ni kelele. Babu zetu wengi wa Unyamwezi walikuwa wapagazi kwenye njia hiyo, na karibu yote tunayoyajua kuhusu safari zao yametoka kwenye shajara za waliowaajiri. Mzigo wa frasila mbili unatajwa. Aliyeubeba mara nyingi hana jina. Batli ni ya mwenye chombo, na hilo halijabadilika. Ile seva ilikuwa ya ofisi, kiolesura kilikuwa changu, na karani, ambaye habari ilikuwa yake, hakuwa na ufunguo wa chochote.

Niliporudi Dar nilimsimulia mwenzangu tunayesoma naye. Alinitetea kwa nguvu, na hoja zake si za kupuuza. Alisema chombo hakihukumu, watu ndio waliohukumu. Alisema kila kiolesura ni kupunguza, maana kama hukupunguza hujafanya kitu, umempa mtu laki nne zake arudi nazo nyumbani. Akasema mwongozo wangu uliandika wazi, ukurasa wa tatu, kwamba madaraja ya 5 hadi 7 hayaonyeshwi. Aliyetaka kujua angejua.

Hoja ya pili naikubali yote. Hakuna kusoma bila kuacha. Hata macho yako sasa hivi yanaruka maneno. Kwa hiyo siwezi kusema kosa langu lilikuwa kuacha. Nimejaribu kutafuta mpaka uko wapi kati ya kupunguza na kuficha, na ninapofika ni hapa: unapopunguza, msomaji wako anajua kwamba kuna kilichobaki nyuma, na anajua pa kukifuata. Unapoficha, anadhani ameona yote. Nia yako haimo kwenye kipimo hicho. Mimi sikuwa na nia yoyote mbaya, ila yule mtu aliponiuliza kama kuna hitilafu, chombo changu kilimjibu "hakuna", wakati jibu la kweli lilikuwa "hakuna katika yale niliyochagua kutazama". Kati ya majibu hayo mawili mtu alipoteza kazi.

Ndiyo sababu ukurasa wa tatu haunisaidii. Chaguo-msingi ni uamuzi unaomfanyia mtu asiyejua kwamba kuna cha kuamua. Anayejua atalibadilisha, asiyejua ataliishi. Ukimwandikia onyo mahali ambapo anayejua tu ndiye atakayefika, hujamwonya.

Kuhusu hoja ya kwanza, kwamba chombo hakihukumu, niliiamini kabisa mpaka nilipokumbuka namna walivyoitumia ile karatasi. Hawakuiweka mezani kama maoni ya kijana wa uzamili kuhusu kipi ni muhimu. Waliiweka kama sauti ya kompyuta. Nilikuwa nimesimama mahali pa shahidi bila kuapa, na kwa sababu sikuonekana, hakuna aliyeweza kunihoji. Shahidi wa kawaida unamwuliza: ulikuwa wapi, uliona kwa macho yako, saa yako ilikuwa sahihi? Jedwali lenye safu tatu linaonekana halina mtu nyuma yake.

Nilimtembelea dada kabla sijaondoka Tabora. Nilikuwa nimepeleka ile barua mwenyewe, sijui kwa nini, labda nilitaka niwe na kitu mkononi. Sasa ni wakala wa fedha kwa simu, ana kibanda karibu na stendi, chini ya mwembe. Alinipa kigoda. Alisoma barua yote, akaikunja, akaiweka chini ya kalamu isipeperuke. Nikaanza kumweleza habari ya betri, ya daraja la 6, ya saa mbili ndani ya rekodi moja. Nilieleza kirefu. Wateja wawili walikuja wakahudumiwa nikiwa bado naeleza, na kila mmoja alimwandika kwenye daftari, jina na kiasi, ingawa simu nayo inaandika.

Mwisho akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe uliulizwa nini hasa?"

"Nani aliingia usiku."

"Na mimi nilikuwepo mjini hapa hapa. Ungeniuliza mimi."

Hakusema kwa ukali. Akamgeukia mteja mwingine.

Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitu chochote alichonifundisha mwalimu. Livingstone alipofariki mwaka 1873, watu wa msafara wake, akiwemo Abdullah Susi na James Chuma, waliubeba mwili na karatasi zake hadi pwani, wakipitia hapa hapa Unyanyembe. Baada ya hapo Horace Waller, aliyehariri shajara za mwisho zilizotoka 1874, alikuwa na maandishi yote mkononi. Bado ilibidi Susi na Chuma wapelekwe Uingereza, wakae naye, wamweleze. Batli ilikuwepo na haikutosha, akatafuta waliokuwepo. Majina yao yamo kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu hicho, kama watumishi waaminifu. Lakini waliulizwa.

Nimeiandika upya moduli. Rekodi sasa zinakuja kwa mpangilio zilivyoandikwa, na anayetaka kuzipanga kwa saa ya ukutani lazima aombe. Mashine ikiwa imezimwa na kuwashwa katikati, mstari mnene unakata jedwali. Saa ikiwa imeruka, rekodi zote zilizotangulia mruko huo zinawekwa alama, na badala ya "saa 3:52 usiku" unasomeka hivi: dakika 11 tangu kuwashwa, saa haiaminiki. Kila jibu, hata lile la "hakuna", linamalizika kwa idadi ya rekodi zilizoachwa na amri ya kuzifungua. Jedwali limekuwa baya kuliko lile la kwanza. Mhasibu amelalamika kwamba lina maneno mengi, na najua baada ya miezi miwili macho yake yatakuwa yameshazoea kuuruka ule mstari wa mwisho. Sina dawa ya hilo.

Kuna kitu kimoja zaidi. Mwanzoni kabisa mwa mwongozo, kabla ya mfano wa kwanza, niliandika: "Kabla ya kutumia matokeo haya dhidi ya mtu, muulize mtu huyo." Wiki iliyopita msimamizi wangu alirudisha sura ya nne. Ameikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika kwamba hili si suala la usanifu wa kiolesura, lihamishiwe kwenye mapendekezo au liondolewe.

Natakiwa kurudisha sura hiyo Ijumaa. Mpaka sasa sijaifuta.